Sifa Zangu Zilivyompotosha Mwanangu

Sisi wazazi twaogopa sana udhaifu wa watoto wetu. Mtoto akiwa mvivu twamkemea, akiwa mwongo twamrudi. Lakini nguvu zake hatuziangalii, twazisifu tu. Nami nimejifunza kwa aibu ya kuwa hatari yaweza kuingia kwa mlango huo huo.

Mwanangu wa kwanza ni mwepesi wa akili. Alipokuwa na miaka 7 alisoma vizuri kuliko wenzake wakubwa. Nikianza kusimulia habari, aliimaliza yeye kabla yangu; nami nikacheka, nikawaambia wageni, "Mwamwona kijana huyu!"

Hata siku moja jirani yetu, mama mzee mjane asiyejua kusoma, alileta barua ya mwanawe afanyaye kazi mbali. Mimi sikuwapo. Mwanangu akaipokea, akapitisha macho upesi, akaona neno Jumamosi. Akasema, "Bibi, mwanao atakuja Jumamosi." Siku ile ilipofika, yule mama akafagia ua, akamchinja kuku wake, akaketi kando ya njia tangu asubuhi hata jua kuchwa. Nikamkuta hapo, akanipa barua. Nikaisoma yote. Mwanawe alisema alitaka kuja Jumamosi, lakini ameshikwa na ugonjwa, hawezi safari. Amwomba mama yake amkumbuke katika sala.

Usiku ule nilishika fimbo, kisha nikaiweka chini. Ni nani aliyemfundisha mtoto huyu kwamba kukisia upesi huleta sifa? Nikafungua kitabu cha Waamuzi, sura ya 13. Manoa, kabla mtoto hajazaliwa, alimwomba Mungu amfundishe jinsi ya kumlea. Mimi sikuomba hivyo. Naliona kipawa kimekwisha kamilika. Na Samsoni mwenyewe, ingawa aliombewa, alizizoea nguvu zake hata akazifanyia mchezo, akaishia kusaga gerezani Gaza, hana macho.

Asubuhi nikampeleka mwanangu kwa yule mama. Akakiri kosa lake, kisha akamsomea barua neno kwa neno. Alipofika penye habari ya ugonjwa sauti ikamkatika. Yule mama ndiye aliyemshika mkono, akasema, "Endelea, mjukuu wangu." Akasoma mpaka mwisho, nasi tukapiga magoti, tukamwombea mgonjwa.

Sikumwomba Mungu amwondolee mwanangu wepesi wake, maana ni zawadi. Lakini sasa, kabla ya kumsifu, namwuliza, "Umefika mwisho?" Naye hurudi kusoma tena, mara nyingine kwa kununa.

Tena ninaye binti mdogo, mpole sana. Watu wote wamsifu kwa kuwa hakatai neno lo lote aambiwalo. Zamani ningalifurahi tu. Siku hizi namtazama, na kila jioni namwomba Mungu anionyeshe jinsi ya kumfundisha kusema hapana.