Kutoka Mkunazini hadi Codrington

Kwetu Tanga, habari ya utumwa ilisimuliwa ikiwa na mwisho wake tayari. Misafara ilitoka bara, majahazi yakavuka, watu wakauzwa Mkunazini, Unguja. Kisha misheni ikaja, soko likafungwa Juni 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa palepale. Askofu Edward Steere alisimamia ujenzi mpaka kanisa likasimama, na mwaka 1882 akazikwa nyuma ya altare. Altare yenyewe, tuliambiwa, iko mahali palipokuwa na mti wa kuwachapia watumwa. Bibi mzaa mama alipofika hapo sauti ilimjaa fahari. Mama yake alikuwa mateka aliyelelewa na misheni kule Mbweni, hukohuko Unguja, na kwa Bibi, Kanisa na uhuru vilikuwa kitu kimoja.

Nami niliamini hivyo mpaka utu uzima. Nilipofika Unguja mara ya kwanza, na kwaya ya vijana, tulishushwa kwenye vyumba vya chini vya jengo la Mtakatifu Monika, tukaambiwa ndimo watu walimofungwa kabla ya kupelekwa mnadani. Wengine tulilia. Baadaye sana nikasoma kwa wanahistoria kwamba jengo lile lilijengwa na misheni yenyewe, soko likiwa limekwisha kufungwa, nalo lilikuwa hospitali. Sikufurahi. Lakini mateso ya waliouzwa Mkunazini hayahitaji kutiwa chumvi. Sanamu za Clara Sörnäs zilizowekwa uani mwaka 1998, watu watano shimoni wakiwa na minyororo shingoni, zinatosha.

Kilichonigeuza hasa kilitoka Barbados. UMCA, misheni yetu, iliungana mwaka 1965 na chama kingine cha Kianglikana, SPG, ikazaliwa USPG, jina linalojulikana sana katika dayosisi zetu. Hakuna aliyewahi kutuambia SPG ilikuwa na historia gani. Mwaka 1710 Christopher Codrington, aliyekuwa gavana na tajiri wa miwa, alifariki akakiachia chama hicho mashamba yake ya Barbados pamoja na mamia ya watu waliolazimishwa kuyalima. Chama cha kueneza Injili kikawa na watumwa, na kikabaki nao kwa zaidi ya miaka 120. Katika miaka ya mwanzo watu hao walichomwa kifuani kwa chuma cha moto chenye neno Society, yaani Chama, ili ijulikane wao ni mali ya nani. Wengi walikufa mapema, wakanunuliwa wengine kujaza nafasi zao. Uingereza ilipofuta utumwa katika makoloni yake, kuanzia 1834, fidia ililipwa kwa wenye watumwa: chama kilipewa zaidi ya pauni 8,800 kwa watu 411. Wale 411 hawakupata hata senti.

Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza iliomba radhi kwa hayo Februari 2006, lakini habari haikunifikia. Niliijua mwaka 2023, USPG ilipotangaza mradi wa pauni milioni 7 wa fidia kwenye mashamba ya Codrington: utafiti wa historia, makaburi ya watumwa, kutafuta koo za vizazi vyao, na maendeleo ya jamii inayoishi pale. UMCA haikuwa na mtumwa Barbados. Ilianzishwa mwaka 1857 kwa wito wa mmisionari David Livingstone, kwa nia ya kupambana na biashara ile, na wazee wetu wana haki ya kulishika hilo. Ila tulipoungana tulirithi fedha, jina na sifa. Sioni kwa nini deni tu ndilo tulikatae.

Tangu hapo nikaanza kusoma upya hata habari za kwetu. Mwaka 1864 Sultani Majid wa Zanzibar alimpa Askofu Tozer wa UMCA wavulana watano waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa. Walikabidhiwa kama zawadi. Hakuna aliyewauliza wanataka kwenda wapi. Mmoja wao, John Swedi, alikuja kuwa shemasi mwaka 1879, na tunamtaja kwa furaha, ni sawa. Mbweni, kwenye shamba lililonunuliwa mwaka 1871, mateka walipewa kibanda na mahali pa kulima, ila ardhi ikabaki ya misheni na kanuni zikawa za misheni. Katika shule ya wasichana iliyosimamiwa na Caroline Thackeray, walioonekana wana akili ya darasani walifundishwa ualimu. Wengine waliwekwa upande wa kazi za mikono. Ndipo nikaelewa jambo la nyumbani kwetu ambalo halikuwahi kuelezwa. Mama yake Bibi alilelewa na misheni iliyosifika kwa shule, akajua sala zote kwa ghibu, na akafa hajui kusoma.

Simulizi ile ya zamani ilihitaji mkosaji mmoja, akawa Mwarabu. Alikuwapo, na lake analo. Lakini hatukusikia habari za mtaji wa wafanyabiashara wa Kihindi, wala za watawala wa bara waliouza mateka wa vita, wala za Waswahili walioongoza misafara, wala za Ulaya na Marekani zilizotaka pembe na karafuu. Kitambaa cha merikani walichobeba wapagazi kilifumwa Massachusetts kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Unguja, ambako majirani waliuana katika Mapinduzi ya mwaka 1964, kusimulia nusu ya habari si jambo dogo.

Mei 2024 Justin Welby, Askofu Mkuu wa Canterbury wakati huo, alihubiri Mkunazini juu ya toba ya Kanisa kwa ajili ya utumwa. Mtaani kwetu maneno yalikuwa mengi. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia, "Mwanangu, mnataka kututwika aibu ya Wazungu." Nilimjibu, "Umri wako nauheshimu, Mzee, lakini ukoo wangu umo humo." Hatukukubaliana, na bado tunasalimiana.

Ninaloliomba linawezekana. Maonyesho ya biashara ya utumwa yaliyofunguliwa mwaka 2016 kando ya kanisa yaongezewe ubao wa Codrington, kwa Kiswahili, ili anayesoma kuhusu Steere asome pia kuhusu wale 411. Na vitabu vya ubatizo vya Mbweni vilivyosalia vifunguliwe kwa familia zetu. Barbados wameanza kutafuta koo zao. Vizazi vya mateka wa Mbweni, na wa Masasi ambako misheni ilipeleka wengine, navyo vitafutiwe zao, kwa fedha zilezile.