Asumini Isiyokuwa Asumini



Mzazi mmoja alituletea mche wa asumini, alioununua kwa wauza miche wa kando ya barabara hapa Kampala. Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (SAW) ametufundisha kuwa anayepewa rayhani asiirudishe, nasi tukaupokea kwa furaha. Tukaupanda chini ya dirisha la darasa. Ulistawi upesi, ukatupita kimo. Mchana haukunukia kabisa, lakini baada ya Isha uwanja mzima ulijaa harufu.

Kisha ukazaa vitunda vyeupe kama shanga, na mtoto mmoja akatia mdomoni. Tulimtemesha, tukamsukutua, tukamkimbiza zahanati. Alhamdulillah, hakuwa amemeza.

Hapo ndipo tulipouchunguza. Kumbe ni Cestrum nocturnum, jamaa wa tumbaku, asili yake Amerika, na vitunda na majani yake yana sumu. Wengi huuita asumini kwa ajili ya harufu tu.

Asumini yenyewe, Jasminum sambac, ile ya vikuba na makoja ya maharusi wa Mombasa na Unguja, majani yake hukaa mawili mawili yakitazamana. Ule wetu ulikuwa na jani moja moja, yakipishana. Ua la asumini ni jeupe pepepe, hufunguka jioni na kesho yake hudondoka. La ule mwingine ni mrija mwembamba wa kijani-manjano. Na asumini ni nadra kuzaa. Ukiona vitunda vingi, shuku!

Jirani mwenye asili ya Mombasa alitukatia vijiti vitatu vya shibiri moja moja. Tuliondoa majani ya chini, tukavichomeka kivulini mvua za Machi zilipoanza. Kimoja kilikauka. Viwili tulivihamishia juani, katika udongo wetu mwekundu uliochanganywa na samadi iliyooza, mahali maji hayatuami. Maua yakiisha tunapogoa, maana huchanua kwenye matawi mapya.

Kumwambia yule mzazi ndiko kulikotupa shida. Tulikaa wiki mbili tukitafuta maneno, na wiki mbili hizo tulikosea, kwani naye alikuwa amepanda mwingine chini ya dirisha la wanawe. Aliung'oa jioni ileile. Kijiti kimoja tumemwekea.