Alama Nilizomnyima Mwenzangu

Nilimnyima mwenzangu cheo alichostahili, na hakuna aliyenishurutisha. Nilikuwa kwenye jopo la usaili la wakfu mmoja wa kigeni unaotoa ruzuku kutoka ofisi yake ya Nairobi, na mezani nilikuwa Mwafrika peke yangu. Walibaki wawili wa kuchuana kwa nafasi ya mkuu wa programu: kijana Mzungu aliyekuwa mgeni nchini, na Mkenya aliyekuwa akikaimu nafasi hiyo. Huyo Mkenya ndiye aliyemfundisha kijana kazi.

Fomu ilikuwa na kipengele cha uzoefu wa kimataifa. Kijana nikampa alama nne kati ya tano kwa kuwa amefanya kazi nje ya kwao; na huko nje kwenyewe ni hapahapa Kenya. Mwenzangu nikampa mbili. Alikuwa amesimamia ruzuku Kakuma, kambi iliyopo Turkana tangu 1992, akifanya kazi na wakimbizi wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi na Ethiopia. Yote hayo niliyaona mambo ya nyumbani. Kwenye maoni nikaandika kwamba hajiamini mbele ya wafadhili, ilhali alichofanya ni kusema taratibu bila kujisifu.

Niliogopa kuambiwa nambeba mtu wa kwetu. Wazungu waliompigia kura Mzungu mwenzao hawakuwa na woga huo.

Nyakati hizohizo nilikuwa nikisimama kwenye makongamano kuwalaumu wafadhili waliokubaliana Istanbul mwaka 2016 kwamba kufikia 2020 angalau asilimia 25 ya fedha za misaada ya dharura ziwafikie watoa misaada wenyeji. Lengo hilo halikufikiwa. Nami, nilipopata nafasi ya kumweka mwenyeji mahali panapoamuliwa fedha ziende wapi, nilimfungia mlango.

Mwenzangu aliacha kazi. Nilipomfuata kumwomba radhi aliniambia, “Dada, wale wengine sikuwategemea. Wewe ulikuwa unaijua kazi yangu.” Sikuwa na la kujitetea.

Cheo sikuweza kumrudishia. Nilipigania kipengele kile kifutwe, na kila mjumbe aandike ushahidi wa alama anazotoa, msailiwa akiuliza aonyeshwe. Yamekubaliwa, ila yamewafaa waliokuja baadaye. Yeye bado namwomba msamaha ambao hana wajibu wa kunipa.