Mwili Mkubwa au Ufundi? Jibu Langu Kuhusu Ngumi za Uzito wa Juu



Hapa Nyarugusu kuna ubishi usioisha. Utaukuta kwenye kibanda cha kuchaji simu, utaukuta bombani wakati madumu yanasubiri zamu, utaukuta hata nje ya kanisa Jumapili. Ubishi wenyewe ni huu: kwenye ngumi za uzito wa juu, kipi kinashinda, mwili mkubwa au ufundi? Upande mmoja wanasema ukikutana na mtu wa mita mbili na kilo 120, ufundi wako weka mfukoni. Upande wa pili wanajibu kwa neno moja tu: "Usyk!" Basi kelele zinaanza upya.

Mimi najitolea kwenye kikundi kidogo cha ngumi cha vijana. Si kocha. Nabeba maji, naandika majina, natunza sanduku la huduma ya kwanza na kuangalia saa ya raundi. Kwa hiyo watu wanapenda kuniuliza niko upande gani. Leo najibu kwa maandishi, maana kwa mdomo hawaniachi nimalize.

Kwanza tusidanganyane: mwili una kazi yake. Kama usingekuwa na maana, mchezo wa ngumi usingegawanywa kwa kilo. Kila daraja lina kilo ambazo huruhusiwi kuzidi. Uzito wa juu peke yake hauna dari. Kwa mabondia wa kulipwa, ukishavuka kilo 90.7 umeingia, na mbele yako anaweza kusimama mtu wa kilo 95 au mtu wa kilo 140. Hiyo ni tofauti ya karibu nusu gunia la mahindi! Hata wakubwa wa mchezo waliliona hilo. Mwaka 2020 WBC walianzisha daraja jipya la katikati, linaloishia kilo 101.6, ili wale wepesi wasilazimike kupigana na majitu.

Faida ya urefu hata mtoto anaiona. Mwenye mkono mrefu anakufikia kabla wewe hujamfikia. Anarusha ile ngumi ya mbele ya kukupima, na wewe mfupi, ili umguse, lazima upite kwanza kwenye moto. Ukifaulu kuingia ndani, anakukumbatia na kukulalia shingoni kwa kilo zake zote. Raundi ya kwanza utavumilia. Ikifika raundi ya nane, miguu inakuwa kama ya mtu aliyetoka porini na mzigo wa kuni kichwani. Kwa hiyo wale wa upande wa mwili hawasemi uongo.

Sasa twende kwa huyo Usyk. Oleksandr Usyk wa Ukraine ana urefu wa sentimita 191 hivi. Tyson Fury wa Uingereza ana 206. Walikutana Riyadh, Mei 18, 2024. Raundi za katikati Fury alitamba, akawa anafanya na mizaha, na wapenzi wa mwili wakaanza kushangilia. Raundi ya tisa Usyk akampata vizuri kwa mkono wa kushoto, akamfuata, akampiga mfululizo, mpaka ikawa kamba za ulingo ndizo zinazomzuia Fury asianguke. Mwamuzi akamhesabia. Usyk akashinda kwa pointi, majaji wawili kwa mmoja. Wakarudiana Desemba 21 mwaka huohuo. Safari hiyo Fury alipanda kwenye mizani na kilo 127, Usyk kama 102. Tofauti ya kilo 25! Majaji wote watatu wakampa Usyk, 116 kwa 112.

Alifanyaje? Ukiangalia vizuri, kazi kubwa iko kwenye miguu. Usyk hasimami mahali pamoja akasubiri kupimwa. Anatumia mkono wa kushoto, na mguu wake wa mbele unatafuta kukaa nje ya mguu wa mpinzani, hivyo anapiga akiwa pembeni wakati jitu bado linageuka. Anapiga tumboni ili mikono iliyo juu ishuke. Halafu kuna pumzi. Anakulazimisha ufanye kazi kila sekunde, na mwili wa kilo 127 unachoka kujibeba wenyewe.

Lakini ninyi wa upande wa ufundi nanyi punguzeni kelele kidogo. Usyk si mtu mdogo. Sentimita 191 na kilo 102 si mtu unayekutana naye kila siku kwenye foleni ya mgao. Alitoka daraja la chini yake, na hakupanda hivihivi, aliongeza mwili kwanza. Mchukue fundi wa kilo 65, hata awe na miguu ya dhahabu, umweke mbele ya Fury. Hapo hakuna mchezo, kuna kuumizana tu. Ufundi unashinda ukubwa ukishakuwa na mwili wa kutosha kuubeba huo ufundi.

Mfano unaonifundisha zaidi ni wa Wladimir Klitschko, naye wa Ukraine, mwenye urefu wa sentimita 198. Wengi wanamkumbuka kama bingwa aliyetawala kuanzia 2006 mpaka 2015, mpaka watu wakachoka kumwona akishinda. Wanasahau kwamba kabla ya hapo alishasimamishwa mara tatu, mwaka 1998, 2003 na 2004. Jamani, urefu wake ulikuwa uleule! Hakuongezeka hata sentimita moja. Kilichobadilika ni kwamba alifundishwa na Emanuel Steward jinsi ya kuutumia ule urefu: ngumi ya mbele bila kuchoka, kukaa mbali, kumbana mpinzani akisogea karibu, kutunza pumzi. Mwili ule ule ulianguka ulipokosa ufundi, ukatawala ulipoupata. Kisha mwaka 2015 nani akamvua mikanda? Fury, aliyekuwa mrefu kuliko yeye na mjanja vilevile. Hapo pande zote mbili zinapata haki yao.

Sisi Wakongomani tuna pambano letu ambalo wazee hawachoki kulisimulia. Oktoba 30, 1974, Kinshasa, enzi za Zaire, Muhammad Ali na George Foreman. Jirani yangu mmoja, mzee wetu, anasema kule kwao mashariki ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, na wao walikuwa wameizunguka redio moja. Kila akisimulia, Foreman anazidi kuwa mkubwa. Juzi alikuwa ameshafika ukubwa wa nyumba. Mimi kwa heshima nilimwambia, "Mzee, Ali na Foreman walikuwa karibu sawa." Na ndiyo hali halisi: wote walikuwa na sentimita 191, 192 hivi, Ali kilo 98, Foreman karibu 100. Kwa hiyo pambano la Kinshasa si hadithi ya mdogo kumpiga mkubwa. Ni hadithi ya akili kuishinda nguvu. Foreman alikuwa na miaka 25 na alikuwa amewamaliza Joe Frazier na Ken Norton kwa raundi mbili kila mmoja. Ali, miaka 32, akaegemea kamba, akaziba uso, akaacha yule mwenye nguvu azimwage nguvu zake zote. Raundi ya nane Foreman akawa chini. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hata hivyo alikuwa mkubwa." Sikubishana naye tena.

Na wa siku hizi tunaye Martin Bakole, Mkongomani mwenzetu, mtu wa karibu mita mbili. Agosti 2024 alimsimamisha Jared Anderson kule Los Angeles katika raundi ya tano, na sisi huku tukatembea vifua mbele wiki nzima. Februari 2025 akaitwa Riyadh kuziba nafasi ya Daniel Dubois aliyeugua, siku mbili tu kabla ya pambano. Akaenda, akiwa na kilo karibu 143, kupigana na Joseph Parker mwenye kilo 121. Raundi ya pili Parker akammaliza. Kama kilo zingekuwa zinapigana zenyewe, Bakole angeshinda. Kilo zisizo na maandalizi ni mzigo tu, na mzigo huo anaubeba mwenyewe. Simlaumu. Ukiwa umesubiri nafasi miaka mingi na simu ikaita, utakataa? Sisi tunaoishi kwa kusubiri tunamwelewa.

Tena kuna Francis Ngannou wa Kamerun, aliyechimba mchanga utotoni, akavuka jangwa na bahari mpaka Ulaya. Oktoba 2023, katika pambano lake la kwanza la ngumi za kulipwa, alimwangusha Fury raundi ya tatu, akashindwa kwa pointi chache. Miezi minne na siku kadhaa baadaye Anthony Joshua akamlaza raundi ya pili. Nguvu zilimpa siku moja kubwa. Lakini miaka ya kujifunza ngumi hakuwa nayo, na Joshua alikuwa nayo.

Kwa nini naandika haya yote kwa vijana wa kambini? Kwa sababu kwetu ubishi huu una mtu ndani yake.

Kwenye kikundi chetu kuna kijana mmoja, sitamtaja. Ana miaka 16 na ni mrefu kuliko watu wazima wote wa mtaa wetu. Watu wanamwita Tyson. Hawajui kwamba Mike Tyson alikuwa na sentimita 178 tu, mfupi kwa uzito wa juu! Tangu ameanza kurefuka, kila anayemwona anamwambia atakuwa bingwa, atatutoa huku. Halafu wakaja watu waliotaka apigane na mtu mzima siku ya sherehe, watu wachange pesa. Walisema, "Mwili anao, anaogopa nini?" Kijana mwenyewe alitaka sana.

Kocha alikataa. Alisema, "Mwili wake una miaka 25. Shingo yake na ubongo wake vina 16." Hajui bado kurudisha mkono usoni baada ya kupiga. Hajui kuanguka. Ngumi ya mtu mzima kichwani kwa mtoto si jambo la kupona kwa panadol, na mimi kwenye sanduku langu nina bandeji, pamba na spiriti, basi. Kocha akampa kazi ya miguu: kamba, mistari chini, hatua, bila glovu, miezi mitatu. Kijana alikasirika. Siku nyingine haji. Sijui kama ametusamehe, na kuna watu mtaani wanatuona sisi ndio tunaomzibia riziki.

Hapa ndipo naona hatari ya kusema "mwili ndio kila kitu." Mwenye mwili mkubwa tunadhani hahitaji kufundishwa. Tunamrusha mbele upesi, tunashangilia, na akiumia tunasema hakuwa na roho ya ngumi. Tena si kwenye ngumi tu. Mtoto mrefu anabebeshwa gunia la mtu mzima. Akilia anachekwa. Akisema umri wake haaminiki. Ndugu zetu wa mashirika, hili nawaomba mlibebe: mtoto mrefu bado ni mtoto. Mwulizeni umri kabla ya kumpa kazi.

Na mwenye mwili mdogo naye tunamfukuza bila kumjaribu. Tuna dada mmoja wa kilo 48 ambaye kwa miguu hakuna mvulana anayemfikia. Siwezi kumwambia atampiga mtu wa kilo 100, huo ungekuwa uongo wa kumwumiza. Namwambia madaraja yaliwekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Cindy Ngamba alipopata shaba kwenye Olimpiki ya Paris 2024, medali ya kwanza kabisa ya timu ya wakimbizi, alipigana na wanawake wa uzito wake, kilo 75. Hakuhitaji kuwa jitu.

Basi jibu langu ni hili. Mafundi wawili wakiwa sawa, mkubwa atashinda mara nyingi. Mkubwa asiyejua akikutana na fundi mwenye mwili wa kutosha, atapigwa. Mwili mkubwa ni mtaji, na ninyi mnaouza sokoni mnajua: mwenye mtaji mkubwa asiyejua biashara anafilisika haraka, tena anafilisika na hela nyingi. Urefu hatuchagui, na kilo 120 hazijengwi kwa mgao wa unga na maharage. Ufundi ndio pekee tunaoweza kuutafuta kwa jasho letu hapahapa, tukiwa na kamba, mchanga kwenye gunia, na mtu mwenye subira ya kutusahihisha.

Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni, jua likipungua. Glovu tunapokezana, tuna jozi nne. Mrefu njoo, mfupi njoo. Na wewe kijana wetu unayenisoma, unajijua, kamba yako bado ninayo kwenye sanduku.