Utalala juu ya nini?

Umekwisha kulala chini, kwenye sima tupu, hapa Bunia? Mji wetu uko karibu meta 1,275 juu ya bahari. Mchana jua linachoma, lakini ikifika saa tisa ya usiku unatafuta blanketi la pili, na baridi yenyewe haitoki juu. Inatoka chini.

Nilijifunza hayo njiani, tulipotembea kwa miguu na vijana wa kwaya kuelekea Nizi. Tulilala ndani ya chumba cha masomo. Kijana mmoja alikuwa na blanketi mbili, zote mbili alijifunika. Asubuhi alikohoa vibaya, na ilibidi tumpandishe kwenye pikipiki kumrudisha nyumbani. Mwenzake alikuwa na blanketi moja tu, lakini chini yake kulikuwa godoro la upepo, lile dogo la kupuliza ambalo ukilikunja linaingia mfukoni mwa koti. Alilala kama mtoto.

Sababu yake ni hii. Nguo iliyo chini ya mwili inakandamizwa, upepo wake unatoka, na ardhi inakunywa joto lako usiku kucha. Godoro la upepo linakutenga na ardhi. Lakini angalia: kama ndani ni upepo mtupu, upepo ule unazunguka na kuchukua joto chini. Kwa hiyo yaliyo mazuri yana sponji, nyuzi, au karatasi za kung'aa ndani. Ya sponji yalianzia Seattle, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mainjinia waliopoteza kazi katika kiwanda cha ndege cha Boeing ndio walioyaanzisha. Mmoja wao alikuwa akilima bustani, amepiga magoti juu ya mto wa sponji, akaona jinsi upepo unavyotoka na kurudi ndani yake.

Ukitaka kununua, au ndugu wa Ulaya akikuuliza akuletee nini, mwambie asome namba iliyo karibu na herufi R. Hiyo ni nguvu ya kuzuia baridi. Tangu mwaka 2018 kuna kipimo kimoja cha shirika la ASTM la Marekani; kabla yake kila kiwanda kilijipimia chenyewe, na unajua mfanyabiashara akijipimia. Kwa Kasenyi kule ziwani, mahali pa joto, 1 inatosha. Kwa Bunia na vilima vya Djugu, mimi nasema 2 au 3. Ya 5 ni ya watu wa theluji, utalipia bure. Na ukipanga mbili pamoja, namba zinajumlishwa.

Uzito je? La upepo lililo jepesi ni gramu 350 mpaka 500. La sponji ngumu, lile la kukunja tu, nalo ni kama gramu 400, halitoboki kamwe, na bei yake ni ndogo. Ubaya wake ni unene: mifupa ya mzee italia. Kwa kijana wa miaka 17 ningechagua hilo bila kufikiri sana.

Maana kwetu kuna mawe. Kando ya machimbo, kule Mongbwalu, karibu kilomita 80 kutoka Bunia, watu wanasaga mawe ya dhahabu, na vipande vyake vinakata kama wembe. Fagia kwanza, tandika bashi, ndipo uweke godoro. Likitoboka, paka maji ya sabuni, tafuta mapovu. Solusheni ya velo haishiki vizuri kwenye nailoni. Beba kiraka na gundi yake yenyewe. Hapana kuliacha juani likiwa limejaa, gundi ya ndani itaachana. Na likilegea alfajiri, usimgombeze mtu. Upepo ukipoa unapungua. Mimi niligombeza, nikaomba radhi.

Ndugu zetu Wambuti wa msitu wa Ituri wanapanga vijiti na majani, wanalala juu ya ardhi yenye maji bila kuigusa. Hiyo pia ni R, hata kama haikuandikwa popote. Na wale waliokimbilia karibu na uwanja wa ndege wa Bunia mwezi wa 5 mwaka 2003, maelfu ya watu, wengi walikuwa na bashi tu. Waulize wazee wako juu ya usiku ule.

Kabla ya kutoka na mzigo mgongoni, ulizia barabara kwanza. Mwezi wa 5 mwaka 2021 serikali iliweka Ituri chini ya utawala wa kijeshi, na njia iliyo wazi siku ya posho inaweza kufungwa siku ya mungu.

Yule kijana alipona. Safari iliyofuata alikuja na kipande cha sponji alichokata kwenye godoro la zamani la mama yake, amelifunga kwa kamba ya mpira. Mama bado hajamsamehe.