Fedha ya iPhone

Mwaka 2022 nilipokea fedha za watu kwa kazi ambayo nilijua sitaifanya. Naliandika neno "nilijua" kwa makusudi, kwa sababu kwa muda mrefu nimekuwa nikiisimulia habari hii kana kwamba niliponzwa na ugeni wa kazi.

Chama kimoja cha wakulima hapa Songea, kinachonunua mahindi na soya ya wanachama wake, kilitaka programu ya simu kwa ajili ya mizani: jina la mkulima, kilo, bei, risiti. Basi. Mwenyekiti, mzee mwenye subira, akaniuliza gharama. Nikamletea ankara yenye mistari miwili: toleo la Android, toleo la iPhone.

"Mwanangu, hii ya pili ni ya nani?" akauliza.

Nikamjibu kwamba huko ndiko dunia inakoelekea. Kati ya wale makarani na wanachama sikujua hata mmoja mwenye iPhone, na sikuwa nimeuliza.

Jeuri ile nilipewa na Flutter, fremuweki ya Google ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2018. Unaandika msimbo mara moja kwa lugha ya Dart, kisha unatoa programu ya Android na ya iPhone. Haiazimi vitufe vya simu. Kila kitu inakichora kwa injini yake yenyewe, ndiyo maana sura haibadiliki ukihama simu. Ukigeuza rangi kwenye laptopu unaiona kwenye simu papo hapo, bila kuanza upya. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake chumbani Bombambili, hapahapa Songea, hilo si jambo dogo. Kazi niliyodhani itakula miezi niliimaliza kwa wiki tano. Sifa hizo ni za kweli, na leo sizikani.

Lakini msimbo mmoja hauvunji mlango wa Apple. Kuijenga programu ya iPhone kunahitaji zana ya Apple iitwayo Xcode, na Xcode hukaa kwenye Mac tu. Kuiweka App Store kunataka dola 99 kila mwaka, wakati Google Play hudai dola 25 mara moja na yakaisha. Mimi nilikuwa na laptopu ya mtumba ya Windows. Mac za kukodi mtandaoni nilijua zipo, wala sikukodi. Toleo la iPhone lilikuwepo kwenye ankara tu.

Julai nikaenda kwenye kituo chao cha kununulia, barabara ya Namtumbo. Baridi ya Songea mwezi huo wenyeji tunaijua: wakulima wamejifunika makoti, magunia yamepanga mstari kuelekea mizani. Karani, mama wa makamo, alikuwa na simu ndogo yenye kioo kilichopasuka, mfuniko wake umeshikiliwa kwa mpira.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hebu njoo uone, inanigomea."

Simu ilisema nafasi haitoshi. Faili langu lilikuwa na MB 58. Nilikuwa nimefungasha ndani yake injini za aina tatu za prosesa, ilhali simu moja hutumia aina moja, na juu yake nikapakia picha kubwa za mashamba kwa ajili ya pambo. Ipo amri ya kuligawa faili ili kila simu ipate fungu lake. Niliifahamu, nikaiahirisha, kwa kuwa kwenye simu yangu ya GB 128 lilikuwa linaingia bila neno.

Mama akafungua picha zake, akaanza kufuta. Alizitazama moja moja kabla ya kuzifuta. Za mahafali ya darasa la saba ya binti yake zilikuwa kama ishirini, akabakiza mbili. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwake, nikanyamaza.

Programu ikaingia. Ikafunguka kwa kujivuta, kioo cheupe kwa muda mrefu, mkulima ameshatua gunia anangoja. Mwenyekiti akanitazama.

"Ni mtandao, mzee," nikasema.

Haukuwa mtandao. Programu ile ilihifadhi kumbukumbu ndani ya simu, haikuhitaji hata senti ya bando. Karani akavuta daftari lake na kalamu, na foleni ikaanza kusogea.

Msimu uliofuata nikaongeza kosa juu ya kosa. Google Play ilitaka programu zinazosasishwa zilenge matoleo mapya ya Android, nami nikainua namba ya toleo linalolengwa kwenye msimbo, nikapandisha programu mpya bila kuijaribu na printa ya risiti. Android 12 ilikuwa imeleta ruhusa mpya za Bluetooth, na plagini niliyoitegemea kuchapa risiti haikuziomba, aliyeiandika alishaiacha. Kwenye simu mpya ambayo chama kilinunua kwa ushauri wangu, printa ikawa bubu. Dawa yake ilikuwa mistari michache ya Kotlin, lugha ya Android yenyewe. Sikuijua Kotlin. Flutter ilikuwa imenipa njia ya kupita pembeni ya Android kwa miaka, na siku nilipotakiwa kuingia ndani sikujua hata mlango uliko.

Hapo nikafanya jambo ninalolionea aibu kuliko yote: nikaanza kuisema fremuweki. Kwa mafundi wenzangu nikawa hodari wa kuhadithia kwamba zana hizi za msimbo mmoja ni mzigo, zinavimbisha faili, zinakuacha mikononi mwa plagini za watu. Nikawatolea mfano wa kampuni ya Airbnb, walioachana na React Native, zana nyingine ya msimbo mmoja, mwaka 2018. Wale walikuwa na wahandisi wa Android na wa iPhone, wakajaribu, wakapima, wakaamua. Mimi sikuwa nimepima chochote. Kasoro nilizozitaja ni za kweli. Kwangu zilikuwa koti la kujifichia.

Flutter iliniondolea kazi ya kuandika mara mbili. Nikajipa mwenyewe, bila kuruhusiwa na mtu, msamaha wa kuuliza: simu gani, nafasi kiasi gani, nani ataishika.

Mwishowe nilikwenda kwa mwenyekiti nikamweleza yote, tangu mstari wa pili wa ankara hadi lile neno "mtandao". Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza lini nitarudisha fedha ya iPhone. Nilirudisha kwa awamu mbili. Kisha nikakaa kituoni siku tatu nikitazama tu, nikaiandika programu upya kwa Flutter ileile: skrini tatu, picha hakuna, kila simu na faili lake. Ikashuka hadi MB 17. Kipande cha printa nilikiandika kwa Kotlin, baada ya kujifunza kwa shida ya kujitakia.

Sasa inafunguka haraka na risiti inatoka. Karani bado ana daftari kando ya mizani, na kila gunia analiandika mara mbili, kwenye simu na kwenye karatasi. Sijathubutu kumwambia aliache.