Binti wa Mugumu na Shairi la Desemba

Alianza kwa kuangalia video za Mrisho Mpoto kwenye simu ya kaka yake, yule jamaa anayepanda jukwaani peku. Shairi lake la kwanza lilikuwa la mapenzi na, tuseme ukweli, lilikuwa bovu. Vina kibao, hadithi hakuna.

La pili ndo likawa lenyewe. Desemba ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, msimu wa kukeketa mabinti. Aliandika alichokiona tu: shoga yake anarudishwa kwa nyimbo, kanga mpya mabegani, haongei. Akajirekodi jikoni, akasikiliza, akafuta mistari yote ya kuhubiri. Zikabaki dakika 2.

Siku ya kupanda jukwaani akamwomba mzee mmoja ampigie litungu taratibu.

"Shairi lenyewe linahusu nini, binti?"

Akamwambia. Mzee kimyaaa, kisha akaanza kukaza nyuzi zake 8.

Magoti yalitetemeka balaa. Mstari wa tatu akausahau, akarudia wa pili, watu wakadhani kiitikio. Bibi yake, aliyekaa mbele kabisa, hakupiga makofi.

Usiku bibi akamwita. "Mjukuu wangu, pale kwenye kanga, hebu parudie."